Baba Mkwe wa Chuo Kizima

Tulimwacha Matroni Agness mlangoni mwa bwalo la Chuo cha Lusekelo, hapa hapa Tukuyu, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine umeshika mwavuli unaochuruzika. Ndani filimbi ilikuwa inalia. Ndani wasichana walikuwa wanaitikia kwa sauti moja kama watoto wa chekechea.

Akausukuma mlango.

Wasichana thelathini na wawili wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kila mmoja na beseni la maji kichwani. Maji yanawamwagikia shingoni. Na juu ya meza ya kulia chakula, kasimama yule yule kijana ambaye barua ya chuo ilisema ndiye atakayewalinda.

Kavaa fulana nyeupe mpya. Kifuani imeandikwa kwa herufi nyekundu: KOMESHA UNYANYASAJI.

Huyo ni Rodrick, mwaka wa tatu, mwenyekiti wa Kamati ya Kuzuia Unyanyasaji katika Umoja wa Wanafunzi. Mwaka jana kamati hiyo iliitwa Kamati ya Makaribisho. Ilipokuja barua kwamba makaribisho ya namna ile yamepigwa marufuku, chuo kilichukua hatua kali. Kilibadilisha jina. Watu wale wale, filimbi ile ile, mabeseni yale yale. Fulana tu ndizo zilizonunuliwa.

"Shikamoo, matroni," Rodrick akasema, bila kushuka.

"Shuka mezani. Watu wanalia chakula hapo."

"Tuko kwenye semina, matroni."

"Semina ya kubeba maji?"

"Ya kupinga unyanyasaji. Mada ya kwanza ilikuwa maana ya unyanyasaji. Mada ya pili, mifano kwa vitendo. Sasa hivi ndiyo tuko mada ya pili." Akawageukia wasichana. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba mkwe!"

Agness alidhani masikio yake yameingia maji. "Baba nani?"

Rodrick akacheka. Kwao ni Morogoro, lakini alishasikia mahali kwamba huku Unyakyusani hakuna anayeheshimiwa na mwanamke kama baba mkwe wake. Akaona cheo ndicho hicho. Tangu Jumatatu hakuna msichana wa mwaka wa kwanza aliyeruhusiwa kumwita jina jingine.

"Ni maigizo tu, matroni. Hapa kila mtu anaigiza. Hata wanaolia wanaigiza. Na kila mmoja amesaini fomu kwamba amekuja kwa hiari."

"Wamesaini lini?"

"Watasaini tukimaliza."

Mstari wa nyuma kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa anaigiza. Lusungu. Midomo imempauka, macho yana manjano, mkono mmoja unakandakanda goti. Katika bweni zima Agness peke yake ndiye aliyejua kilichoandikwa kwenye faili la msichana yule. Selimundu, ugonjwa wa damu. Asipigwe na baridi, asiloane, asichoshwe.

Lusungu alimtazama. Macho yalimwomba jambo moja: usiseme.

Agness akapiga makofi mara mbili. "Mabeseni chini! Kila mtu bwenini, nguo kavu, sasa hivi! Semina imeishiwa maji."

Wasichana wakatoka mbio. Rodrick akashuka mezani taratibu, akaifuta filimbi yake kwa pindo la fulana.

"Hakuna shida, matroni. Mada ya tatu wala si ya humu ndani. Ni Jumamosi, kule kijitoni."

*

Kijito chenyewe kiko bondeni, chini ya mashamba ya chai. Maji yake yanashuka kutoka mlimani, na hata watu waliozaliwa Rungwe hawayaogi kabla ya jua kupanda. Kila mwaka mwanafunzi mpya huzamishwa humo mara tatu, kichwa na vyote. Akitoka, jina lake linaandikwa kwenye orodha ya Umoja. Amekuwa wa ndani.

Mzima anatoka na mafua. Lusungu asingetoka na mafua.

Alhamisi saa mbili asubuhi Agness alikuwa ofisini kwa Mwalimu Boazi, Mshauri wa Wanafunzi. Alimkuta juu ya kiti, anapigilia msumari ukutani.

"Umekuja wakati mzuri, matroni. Hebu niangalie, msumari umekaa katikati?"

"Wa nini?"

"Wa cheti! Jumamosi saa nne mgeni rasmi anatoka Dodoma kutukabidhi. Chuo Kisicho na Unyanyasaji. Wilaya nzima tutakuwa peke yetu."

"Mwalimu, jana nimewakuta wasichana wamepigishwa magoti na mabeseni ya maji kichwani."

"Malalamiko yako wapi?"

"Si ndiyo haya nayasema?"

"Ya mdomo hayana muhuri." Boazi akashuka, akajifuta vumbi la chokaa. "Kuna fomu. Mhusika anajaza, anasaini, inapitishwa na mwenyekiti wa Kamati, inakuja kwangu."

"Mwenyekiti wa Kamati ndiye anayenyanyasa."

"Ndiyo maana tulimchagua. Ana uzoefu."

Agness akahesabu mpaka tano kimoyomoyo. "Kuna mwanafunzi mgonjwa. Akiingizwa kwenye yale maji anaweza kufa."

"Jina lake?"

"Ameniomba nisimtaje."

"Matroni," Boazi akasema kwa upole kabisa, "mwanafunzi asiye na jina haumwi." Halafu, akiwa anautazama msumari wake: "Mkataba wako unaisha mwezi huu, eti?"

"Mwezi huu."

"Basi tuumalize vizuri."

*

Lusungu alikuwa amejifunika mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto miguuni.

"Jumamosi huendi," Agness akamwambia.

"Nitaenda, matroni."

"Mimi sikuombi, mwanangu. Nakwambia."

"Dada Doreen wa mwaka jana alikataa. Unamkumbuka?"

Agness alimkumbuka. Hakuna aliyempiga Doreen, hakuna aliyemtukana. Hawakumwambia kitu, basi. Kipindi kikihamishwa chumba, hakuambiwa. Kazi za kikundi alifanya peke yake. Jaribio likarudishwa nyuma siku moja, akafika kesho yake akakuta fundi anapaka rangi madawati. Muhula wa pili alirudi kwao Kyela.

"Nikibaki nje nitafeli nikiwa mzima," Lusungu akasema. "Nikienda, labda nitaumwa siku tatu."

"Au?"

Msichana akaugeukia ukuta. "Mama yangu ametangaza kanisani kwamba niko chuo. Sitaki arudi tena kutangaza mengine."

"Basi waambie wenzako unaumwa."

"Nikiwaambia, nitakuwa yule mgonjwa mpaka nimalize. Niahidi hutasema."

Agness akaahidi. Na alipotoka pale alitaka kujipiga kofi.

*

Mtu akikwama katika chuo kile haendi ofisini. Anaenda jikoni kwa mama Atupele.

Mama Atupele ni mpishi mkuu. Anatoka Mpuguso, na ameivisha ndizi za wanafunzi tangu baadhi ya walimu wa pale wakiwa wanafunzi wenyewe. Agness akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya naye huku akimweleza, bila kumtaja Lusungu. Alipofika kwenye "baba mkwe", mama Atupele akacheka mpaka ndizi ikamponyoka.

Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Amejiita mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mbele za watu? Na wakaitika?"

"Thelathini na wawili, kwa sauti moja."

"Kyala, Mungu wangu!" Mama Atupele akaweka kisu chini. "Basi ni mkwe huyo. Wewe kwenu Singida sijui mnafanyaje. Hapa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka njiani, anajifunika, anageukia migombani. Chumba alichomo mkwe, yeye hali humo. Na mkwe naye ana yake. Walipo wakamwana zake hapakanyagi. Akisikia sauti zao, anakohoa, anazunguka."

"Na siku hizi bado?"

"Siku hizi wengi wamelegeza. Lakini huyu hakulazimishwa na mtu, kajivika mwenyewe." Akamtazama Agness kwa jicho moja, jingine amelifumba kwa moshi. "Na mtoni ndiyo kabisa, mwanangu. Baba mkwe akasimame mtoni wakamwana zake wakiingia majini? Hata vijana wasiofuata mila wangemkimbiza."

Wakatazamana.

"Mama," Agness akasema, "hawa wasichana wanaweza kufundishwa kwa siku moja?"

"Lete kumi leo mchana, wamenye ndizi. Wataambiana wenyewe."

*

Ijumaa asubuhi Rodrick aliingia bwaloni kunywa uji. Alinanuswe, mwaka wa kwanza, mtoto wa hapa hapa wilayani, akamwona wa kwanza.

"Mkwe!"

Kanga thelathini na mbili zikapanda vichwani. Wasichana thelathini na wawili wakainuka, kila mmoja na kikombe chake, wakatokea mlango wa jikoni.

Rodrick akatabasamu. Aliona heshima imezidi kukolea.

Saa nne aliingia ukumbi wa mihadhara, kipindi cha pamoja. Wasichana wakainuka tena. Wakaenda kusimama nje madirishani, mvua inanyesha, wanaandika chini ya miavuli wakiwa wameupa ukumbi mgongo.

Mwalimu Nsajigwa akaacha kuandika ubaoni. "Nani kawafukuza?"

"Hakuna, mwalimu," Alinanuswe akajibu kutoka nje. "Mkwe kaingia."

Mwalimu Nsajigwa ni Mnyakyusa. Hakuuliza swali la pili. Akaweka chaki chini. "Rodrick, toka, mwanangu, watu wasome."

"Mwalimu, ni maigizo!"

"Na mimi naigiza. Toka."

Alitoka. Alipoelekea maktaba, maktaba ikabaki tupu. Alipokwenda bombani, ndoo ziliachwa zinajaa zenyewe. Alipopiga filimbi, ndiyo kwanza walikimbia, kwa sababu sasa filimbi iliwaambia mkwe yuko upande gani.

Jioni akashuka mtaa wa Msasani, hapa hapa mjini, kutafuta chipsi na amani. Habari zilikuwa zimemtangulia. Wauza ndizi walimtambua kwa fulana.

"Ndiye huyo! Mkwe wa chuo!"

"Mdogo hivyo? Ana wakamwana thelathini na wawili?"

"Na kesho anawapeleka mtoni. Anasimama juu ya jiwe, anawahesabu."

"Haoni aibu! Na shati hana, kavaa bango."

Alirudi bila chipsi. Akasimama mbele ya bweni la wasichana, akapuliza filimbi, akatangaza kwa sauti iliyopasuka: "Kuanzia sasa mimi si mkwe! Niiteni kaka! Mmesikia? Kaka Rodrick!"

Mama Atupele ndiye aliyejibu, kutoka dirisha la jikoni.

"Ukwe si uenyekiti, mwanangu. Haujiuzuliwi."

"Sasa natokaje?"

"Unaleta ng'ombe, wazee wanakaa, wanakusikiliza."

"Ng'ombe mimi nitamtoa wapi?"

"Igiza."

Bweni zima likalipuka kwa kicheko, na usiku ule Agness alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alikosea.

*

Jumamosi saa moja na nusu Rodrick na wenzake watatu walishuka na kamba na ndoo kwenda kuandaa kijito. Hawakufika. Njia ya kijitoni inapita pembeni mwa shamba la chai la mzee Ambindwile, na mzee Ambindwile alikuwa amesimama katikati ya njia na wenzake wanne, kila mtu na fimbo yake. Mama Atupele alikuwa amewapitia jana jioni, akielekea kwake.

"Unakwenda wapi, mkwe?"

"Shikamooni. Tunakwenda kijitoni, wazee. Kuna semina."

"Ya wakamwana zako?"

Rodrick akakunja kamba yake, akageuka.

Saa nne juu ya alama mgeni rasmi akaingia bwaloni, Bi Lilian kutoka Dodoma, miwani kwenye kamba, cheti kwenye fremu ya kioo. Wasichana walikuwa wamepangwa viti vya mbele, kanga mabegani, wakavu. Mezani palikuwa na kiti kimoja kitupu.

"Mwenyekiti wa Kamati yuko wapi?" Bi Lilian akauliza. "Nilitaka nimpe mkono."

Mwalimu Boazi alikuwa anatoka jasho katika baridi ile. "Yuko nje, mheshimiwa. Pale dirishani. Ni kwa sababu za kimila."

Dirishani kichwa cha Rodrick kikainama kwa adabu. Kanga zikapanda. Bi Lilian akaandika kitu kwenye daftari lake.

Agness, kwenye kiti nyuma yao, akajiruhusu tabasamu. Chuo hakikuzuia, Kamati haikuzuia, barua haikuzuia. Ndizi mbichi na kisu cha jikoni vimezuia. Akaegemea, na kwa mazoea ya miaka saba ya umatroni, akaanza kuhesabu vichwa.

Thelathini na moja.

Akahesabu tena, kutoka kulia. Thelathini na moja.

Akainama kwenye sikio la Alinanuswe. "Nani hayupo?"

Alinanuswe hakugeuka. Mikono yake ilikuwa inasokota pindo la kanga. "Dada Belinda alikuja bwenini mapema, matroni. Wewe ulikuwa unapanga viti."

Belinda. Makamu mwenyekiti. Fulana nyeupe kama ya Rodrick, ila huyu anaongea kwa sauti ndogo.

"Alisema nini?"

"Alisema orodha inafungwa leo. Anayetaka jina lake liingie amfuate kimya kimya. Alisema yeye ni mwanamke, si mkwe wa mtu, kwake hakuna mwiko. Sisi tukakataa."

"Nani hakukataa?"

Alinanuswe akaanza kulia. Agness hakuhitaji jibu.

Kiti chake kilianguka kwa kishindo wakati ule ule Bi Lilian anakiinua cheti.

"Matroni!" Boazi akanong'ona kwa nguvu kuliko kipaza sauti. "Kaa chini! Kumbuka mkataba!"

"Utundike kwenye msumari wako!"

Akatokea mlango wa jikoni, viatu mkononi. Mama Atupele alimwona uso. Akang'oa blanketi lililokuwa limefunika unga unaoumuka, akamfuata nyuma akitweta.

Njia ilikuwa tope tupu. Agness aliteleza, akainuka, akateleza tena. Pale shambani mzee Ambindwile na wenzake walikuwa bado wamekaa kwenye lindo lao, wanakula ndizi za kuchoma, wameridhika.

"Mzee! Kuna msichana amepita hapa?"

"Wawili, mwanangu. Mmoja na fulana nyeupe, mwingine mwembamba, anachechemea. Kitambo sasa."

"Na mkawaacha wapite?"

Mzee Ambindwile akaitazama fimbo yake, akawatazama wenzake. "Sisi tuliambiwa tumzuie mkwe," akasema. "Wasichana hatukuambiwa."

Nyuma yao, kutoka bwaloni juu, makofi yakalipuka. Chuo cha Lusekelo kimekabidhiwa cheti.

Agness hakuyasikia. Alikuwa anatazama bondeni, kwenye kijia kinachopanda katikati ya mistari ya chai. Mtu alikuwa anakuja. Mmoja.

Alikuwa Belinda. Fulana imemganda mwilini, herufi nyekundu zimeanza kuchujuka na kushuka tumboni. Meno yanagongana. Mkono mmoja umeshika orodha ya Umoja iliyoloa, mwingine umeshika kandambili. Upande mmoja tu.

"Lusungu yuko wapi?" Agness akauliza.

Belinda akaitazama ile kandambili kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Alipiga kelele mara moja tu, matroni," akasema. "Mimi nilidhani anaigiza."